Upande Usio na Nukta

Jumatano, 14 Mei 1997

Ndege kwenye mpunga toka alfajiri. Mkono umekufa kwa kurusha udongo. Teddy anaharisha siku ya tatu – maji ya dimbwi tu, nayajua. Nachemsha, lakini kuni zimelowa na mtoto hangoji. Miaka miwili na miezi minne, na mwepesi kama kuku.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Pantaleo, kapita na baiskeli. Ijumaa watakuja watu wa mradi na kimashine kinachosema na setilaiti. Watapima kila nyumba hapa Michenga, wachore ramani. Ramani ya nini? Hata yeye hajui vizuri. Ya maendeleo, kasema.

Mama mkwe aliacha kupepeta. Mwaka sabini na nne walikuja hivyohivyo, na kamba na karatasi. Wiki iliyofuata likaja lori la kuwahamishia kijiji cha ujamaa. Nyumba yake ilichomwa ugali uko jikoni. Ilimchukua miaka tisa kurudi kwenye mpunga wake.

Ijumaa, 16 Mei

Wamekuja. Mpimaji ni kijana anaitwa Steven, wa Morogoro mjini. Kimashine chenyewe ni kama redio ndogo, kina antena fupi. Anakinyanyua, anasubiri, anasoma namba, mwenzake anaandika.

Nikawaambia hapa hakai mtu. Kibanda tu cha kuamia ndege, kwetu Ifakara mjini. Nasema hivyo Teddy yuko mgongoni, sufuria inachemka, nguo zimejaa kwenye kamba! Steven akaitazama sufuria. Akaniuliza kweli, dada? Kweli. Akaandika, wakaenda zao.

Kandida, jirani yangu, nilishamfundisha jana. Naye kawafundisha wengine. Nyumba kumi na moja upande wetu, zote "vibanda". Jioni tukacheka. Kandida kasema Mama Teddy ungekuwa mwanamume tungekupa ubalozi wa nyumba kumi.

Ng'ambo ya kijito, Nkwabi na Wasukuma wenzake wamewapokea kwa maziwa. Wamepanga foleni wapimwe, mpaka na zizi la ng'ombe. Hao nao tukawacheka.

Alhamisi, 19 Juni

Ramani imebandikwa ofisi ya kijiji. Kumbe ni kisima.

Kisima cha pampu. Kimoja. Kitachimbwa penye nyumba nyingi. Kila nyumba ina nukta nyekundu. Kwa Nkwabi nukta zimejaa kama surua. Upande wetu mweupe. Karatasi tupu. Mama mkwe ana miaka kumi na minne tangu arudi hapa, mimi nimezalia hapa, na hakuna kitu.

Kutoka kwangu hadi kwa Nkwabi ni saa nzima kwa mguu. Masika kijito hakivukiki.

Watu pale ofisini wanasema wageni wa ng'ambo wametuibia maji. Hakuna aliyeiba. Waliitwa, wakaitika.

Kandida hakunisalimu.

Jumatatu, 23 Juni

Teddy tena. Zahanati wamempa dawa ya unga, nikoroge kwenye maji safi. Maji safi!

Nimemkuta Steven ofisini. Nikamuuliza, kama setilaiti ziko juu huko, si zinaliona paa langu? Moshi wangu? Hakucheka.

"Dada, hizi hazioni kitu. Zinakiambia kimashine kilipo, basi. Kama mimi sikusimama mlangoni kwako, wewe hupo."

Na hata hapo hukosea, kasema, maana wenye setilaiti, Wamarekani, wanazivuruga namba makusudi. Nyumba ya Nkwabi iliangukia katikati ya kijito, ikabidi aisogeze kwa mkono. Haya. Nkwabi anaopolewa majini kwa penseli. Mimi niko nchi kavu, sipo.

Anarudi Jumamosi, mara ya mwisho. Baadaye ramani inakwenda mkoani. Lakini anataka upande wetu ukiri kwanza mbele ya Pantaleo kwamba tulidanganya. Pantaleo mwenyewe alikuwapo, akauliza nani alitufundisha. Ningeweza kumtaja mama mkwe. Mzee yule, nani angemfanya kitu? Nikasema ni mimi. Akasema, pamoja na kusoma kote mpaka darasa la saba?

Ndiyo. Pamoja na kusoma kote.

Nyumbani nikapiga goti. Nikamwambia mama mkwe, safari hii watu wanapimwa ili wakae, si wahame. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 28 Juni

Katika nyumba kumi na moja, nane zimekubali kupimwa. Kandida wa kwanza, bila kunitazama. Tatu zimefunga milango, wenyewe wamekwenda mpungani. Steven anasema nane pengine zitatosha kukivuta kisima hadi karibu na kivuko cha kijito. Pengine hazitatosha. Anasema pia, dada, usinishike kwa neno hili.

Naandika nimekaa kizingitini, maana kasema nisitoke mlangoni. Kimashine kiko juu ya kigoda, uani. Kinataka setilaiti nne. Zimepatikana tatu. Tunaingoja ya nne. Nane tu ndio tumekubali na mbingu nayo inatupunja!

Teddy anaomba maji. Kwenye ndoo kuna yale ya dimbwi, nimeyachemsha sasa hivi, bado ya moto. Nampulizia. Analia, anataka kikombe akishike mwenyewe. Nimemkatalia.

Mama mkwe ametoka ndani. Mkeka kaufunga kamba, sufuria ameitia katikati, jembe kalichomeka juu. Ameukalia mzigo wake, uso njiani. Steven akamwamkia, shikamoo bibi. Alikitazama kile kimashine, halafu akanigeukia mimi.

"Lori linafika saa ngapi?"