Nyota Tano za Faridah

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo mwanangu kafungua biashara Japani! Naandika tena maana mkono wenyewe hauamini. Faridah wangu, aliyesoma hapa hapa Wembley, aliyekuwa akiogopa hata paka wa jirani, kafungua biashara ya kutembeza wageni Kyoto. Si ya mtu. Yake! Miaka mitatu kabeba kibendera cha tajiri mwingine mbele ya watalii. Sasa anabeba chake.

Kanionyesha kwa simu. Kuna tovuti wageni wanachagua nani awatembeze, na ukurasa wake uko pale, picha yake kubwa, kavaa mtandio wa samawati niliompelekea Idi. Anawatembeza mji mkongwe. Hasa Waislamu wanaotaka kuona mahekalu na bustani, lakini wajue pia wapi pa kuswali na kipi kinalika. Mtaa wa wafumaji wa hariri. Duka la vitamu vya maharagwe – maharagwe wanatia sukari, masikini, hawajaonja mbaazi za nazi. Halafu mwisho wa matembezi wanaingia nyumbani kwa Bi Hatsue, bibi wa miaka themanini na minne, awafundishe kufunga vitu kwa kitambaa cha mraba. Chupa, tikiti, vitabu, chochote. Nikamwambia, mbona bibi yako alifunga hivyo hivyo kwa leso, tena bure! Kacheka. Kanijibu kwa Kizungu chake kwamba ndio maana alimpenda Bi Hatsue siku ya kwanza.

Ila kasema na hili. Mwezi huu majani ya kule yanageuka rangi, ndio msimu mkubwa. Akipata wageni sasa, amesimama. Asipopata, mwaka ukiisha atarudi kwa tajiri wake wa zamani. Au atarudi huku.

Nimemwombea dua apate. Nimeomba vizuri kabisa.

Jumanne, 4 Novemba

Nilipitia kwa Firoz, fundi wa simu wa Ealing Road. Yeye kazaliwa Mombasa, Kiswahili chake kinapita cha wanangu. Nikamwonyesha ukurasa wa Faridah. (Nimemwonyesha pia dereva wa basi 83, na mwalimu mkuu wa shule ninayopikia. Mtu akiwa na dhahabu aifukie?)

Firoz kaangalia, kaangalia. Kasema picha safi, bei nzuri, lakini mbona hapana nyota? Nyota gani tena? Kanieleza. Mteja akimaliza anaweka nyota, moja mpaka tano, na maneno mawili matatu. Mtu akikuta patupu anapita tu. "Mama Faridah, bila nyota zangu watu wote wangekwenda kwa Pritesh ng'ambo ya barabara."

Nikamwuliza zinawekwaje. Kanionyesha. Vidole viwili! Rahisi kuliko kutuma picha.

Nimerudi nyumbani na mpango.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki zinalia tangu magharibi, Waingereza na mambo yao. Mimi nina fataki zangu. Nimetuma linki kwenye grupu la Wamama wa Wembley. Watu hamsini na watatu! Nikarekodi na sauti: jamani, nani hajala biriani yangu? Arusi ya nani sikusimama jikoni? Leo ninadai. Nyota tano kila mmoja, na maneno mazuri. Asiye na miwani amwombe mjukuu.

Wa kwanza kujibu ni Teresia, tunapika naye shuleni, mwanamke wa Nyeri, mdomo wembe. "Na sisi tulifika huko Japani lini, Mama Faridah?"

Nikamwambia: moyo wako umefika. Andika.

Ijumaa, 7 Novemba

Arobaini na moja! Arobaini na moja kwa siku mbili, zote tano tano. Hawa ndio watu. Ukiwa na watu huna njaa.

Nimezisoma zote leo saa ya mapumziko nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi. Mama Kibet: "Mtoto ana adabu, namjua tangu yuko shule ya msingi." Bi Salma: "Chakula kilikuwa kitamu mno, hasa sambusa." Sambusa Kyoto, Bi Salma! Lakini nimwache, kaandika kwa mapenzi. Teresia naye kaandika, tena kwa Kizungu cha kiofisi, kwamba miguu ilimuuma lakini roho ilifurahi. Karibu wote wamemsifu Bi Hatsue. Alitukaribisha kwake, alitufunza vitambaa, mikono yake myepesi. Mmoja kasema alimkumbatia wakati wa kuagana.

Yangu ndiyo ndefu kuliko zote. "Mwongozaji bora Japani nzima. Anajua Kijapani, Kizungu, Kiarabu cha kuswalia na Kiswahili cha kusikia. Mpole, msafi, hachelewi. Bado hajaolewa."

Sijamwambia bado. Nataka aone mwenyewe, afurahi.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukurasa haupo.

Nimebonyeza mara kumi. Wananiletea picha ya milima na maandishi ya kuomba radhi. Nilidhani ni simu. Nimekwenda kwa Firoz, kasema simu haina kosa. Kisha kaniuliza taratibu, nilifanya nini. Nikamwambia. Kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama. Nilisema wateja ndio wanaweka nyota. Sikusema Wembley nzima!"

Jumapili, 9 Novemba

Faridah kapiga simu asubuhi. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Ati tovuti imeona watu arobaini na mmoja, wote kutoka pembe moja ya London, wanasifu matembezi ambayo hayajafanyika hata mara moja. Hata moja! Wageni wake wa kwanza, familia kutoka Malaysia, walikuwa waje wiki ijayo. Tovuti imewarudishia pesa zao na kuwapa mwongozaji mwingine. Wanachunguza. Wanaweza kumfungia kabisa.

Nikamwambia mwanangu, nilitaka wema. Kanijibu anajua. Anajua, Ma. Hapo ndipo nilipoumia.

Lakini kubwa ni la Bi Hatsue. Mjukuu wake alizisoma zile sifa kabla hazijaondolewa, kamsomea bibi yake kwa furaha. Jana Faridah alipokwenda kumwona bibi, kamkuta na kalenda magotini, kalamu mkononi, anatafuta. Anatafuta siku walipoingia wanawake arobaini nyumbani kwake. Na yule aliyemkumbatia. Kamwuliza Faridah: Walikuja lini? Nimeanza kusahau?

Mama wa watu. Alidhani akili inamtoka.

Faridah kamweleza kila kitu, kapiga magoti kwenye ile mikeka yao. Bibi kasema hapana neno. Lakini Faridah anasema hajui kama mlango ule utafunguliwa tena, na bila mlango ule matembezi yake ni kutembea tu.

Halafu kasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye haniongeleshi Kiswahili tangu sekondari: "Labda nirudi tu nyumbani, Ma."

Na moyo wangu – naandika hapa maana sina pengine pa kusema – moyo wangu uliruka kwa furaha. Kabla ya huruma. Kabla ya aibu. Nikaona viatu vyake mlangoni kwangu, kama vile kesharudi.

Nikamwambia tutazungumza. Nikakata.

Jumatatu, 10 Novemba

Teresia kanisoma usoni kabla sijavaa aproni. Nikamweleza. Nilidhani atanipoza.

Kasema, "Si ndivyo ulivyotaka? Kila wiki chumba cha nyuma unabadilisha shuka. Nani analala huko, malaika?"

Nikamwambia ashike adabu yake. Kasema adabu anayo, na macho pia anayo.

Nimemenya viazi vya shule nzima peke yangu. Mashine ya kumenyea ipo, nzima kabisa.

Je, nilifanya kusudi? Wallahi sikufanya kusudi. Lakini mbona sikuwahi kumwuliza mtoto kabla ya kutuma?

Jumatano, 12 Novemba

Siku ndefu. Niandike haraka kabla sijalala na kalamu.

Faridah kaandikia tovuti ukweli wote. Wakamjibu: kila aliyeandika aingie mwenyewe afute, na akiri kwamba hakuwahi kufika. Wakifuta wote, watafikiria kumfungulia. Kaniambia nisijisumbue, watu arobaini hawakusanyiki. Hamjui mamake!

Nikarekodi tena kwenye grupu. Safari hii sikutaja biriani. Nikasema nimekosa, jamani. Mimi, si Faridah. Nimemtisha mama wa watu mpaka kadhani ana ugonjwa wa kusahau. Njooni kwa Firoz saa kumi, mnifutie aibu.

Wallahi walikuja! Foleni mpaka nje kwenye duka la sari. Firoz kavua koti, kakaa juu ya kigoda kama karani wa kura. "Neno la siri?" Hapana anayejua neno la siri. "Mjukuu ndiye anajua." "Mjukuu yuko wapi?" "Madrasa." Mmoja neno lake la siri lilikuwa limeandikwa ndani ya kifuniko cha dawa ya kikohozi. Bi Salma kaingia, kafuta, kisha kwa bahati mbaya kaweka nyota tano upya. Firoz kaomba maji.

Mama Kibet ndiye aliyenirusha roho. Kasimama mlangoni na mkoba kifuani. Hafuti. "Nimempa mtoto zawadi, nimpokonye? Kwetu hakuna hiyo." Tumembembeleza. Firoz kambembeleza kwa Kigujarati cha kwao, basi tu. Mwisho Teresia kamwambia: "Mama Kibet, umempa mtoto nyota. Bibi wa watu umempa ugonjwa. Chagua."

Kafungua mkoba.

Kufika jioni sifa zote zilikuwa zimefutwa isipokuwa yangu. Nimeifuta mimi mwenyewe, mbele yao. Maneno yote yale!

Kisha nimemrekodia Bi Hatsue sauti, kwa Kiswahili, Faridah amfasirie. Nimemwambia: dada yangu, hujasahau kitu. Sisi ndio hatukuja.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamefungua! Alhamdulillahi. Ukurasa mtupu, mweupe kama sahani iliyooshwa, lakini upo.

Sharti moja. Wakiona neno lolote tena kutoka kwa jamaa zake au kwa simu mojawapo kati ya zile arobaini na moja, wanafunga moja kwa moja, na hapana rufaa. Faridah kanitaka niape. Nimeapa. Kanitaka niape tena kwa video, mkono juu.

Na Bi Hatsue kasikiliza sauti yangu mara tatu. Haelewi neno, kasema, ila anasikia kwamba huyu mama ana aibu ya kweli. Mlango uko wazi. Nimetoka nje kutupa taka ili nilie kidogo.

Nimemwuliza Faridah: basi hurudi? Kasema hapana, Ma, sirudi. Nikasema vizuri. Vizuri sana, mwanangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Wageni wa kwanza wa kweli kesho! Watu wanne, kutoka Leeds. Leeds! Watu wa hapa hapa Uingereza, wa kupanda treni tu wakaja kwangu, wamekwenda kumfuata Kyoto. Nimewaambia jikoni wote. Dereva wa 83 sijamwambia, nimejizuia. Nakua.

Jumatano, 19 Novemba

Niko shuleni, sahani zimeoshwa, saa tisa kasoro.

Nyota ya kwanza imeingia. Nyota tatu.

Tatu!

Kaandika mmoja wa wale wa Leeds, mwanamume. Nimesoma mara nne, na Teresia kanisomea ya tano nisije nikasingizia Kizungu. Anasema mji mzuri, bibi wa vitambaa mzuri sana, mwongozaji anajua mengi. Lakini. Ati ana tabia ya kuhesabu wageni. Kila kona, kila wanapovuka barabara, anageuka anawahesabu kwa kidole, midomo inacheza, kama watoto wa chekechea. Watu wazima wanne! Ati imewakera.

Ehe. Sasa nisikilize, bwana wa Leeds.

Anahesabu kwa sababu nilimfundisha mimi. Nilishuka Heathrow na watoto watatu, Kizungu sina, mume sina, jaketi moja la kupokezana. Kila kona nilihesabu. Mmoja, wawili, watatu. Ndani ya treni, nje ya treni, siku za mechi watu wamejaa mpaka huoni viatu vyako. Nikichoka alihesabu yeye, naye akiwa na miaka tisa, anahesabu ndugu zake, kisha ananihesabu na mimi. Hatukupotea hata siku moja. Leo kafika mwisho wa dunia na kidole chake kile kile, na wewe umekasirika kwa kuwa kuna mtu anajali usipotee?

Yote haya nimeyaandika kwenye simu, pale chini ya maneno yake. Kuna mahali pa kujibu, mtu yeyote anaweza. Kizungu kimetoka kizuri, sijui kimetoka wapi. Sikutukana. Jina langu limetokea lenyewe juu yake.

Kule ni karibu saa sita usiku. Faridah amelala. Ataamka akute nyota tatu, peke yake, na hapana hata mtu mmoja aliyesimama upande wake.

Nikituma, amepata mtetezi. Na wanafunga. Na anarudi.

Simu iko hapa kando ya daftari. Kitufe ni cha buluu.

Teresia ananiita toka langoni, basi limeshafika. Kauliza ninafanya nini. Nimemwambia atangulie, nina jambo dogo.

Hakutangulia. Kaliacha basi liende, anarudi huku jikoni, nasikia viatu vyake –