Nilipouliza Njia Gikondo

Eriki, huna aibu! Umefika mpaka mlangoni pa kikao cha watu wanaoacha pombe, halafu ukageuka kama mwizi? Hapa Kigali tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unaniuliza kama na mimi bibi yako niliogopa. Sikiliza.

Nilipokuwa na umri wa mama yako, urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imenishinda. Nikasikia kuna kikao nyuma ya kanisa, mtaa wa Gikondo. Kufungua mlango, naona watu wamekaa duara, kiburi kikanipanda. Nikasema, "Samahani, nauliza tu njia ya kwenda sokoni."

Mama mmoja mzee akacheka. "Karibu, dada. Sisi wote humu tulikuja kuuliza njia."

Nikakaa. Akasimama fundi wa gereji, mwanaume aliyeogopwa mtaa mzima. Akasema, "Mimi ni mlevi. Leo sijanywa." Wakampigia makofi kama bwana harusi! Mjukuu wangu, sikujua kwamba mtu anaweza kutaja aibu yake kwa sauti akabaki mzima, tena akaonekana mkubwa zaidi.

Alhamisi wakikutana tena, ingia. Kaa hata karibu na mlango, lakini ukae mpaka mwisho.