Shali ya Pole

Alhamisi, 7 Machi

Matope hadi kwenye kifundo cha mguu. Nimefika kwenye kikundi cha kufuma, chumba cha chini cha kanisa, na buti za mpira, nikazivua mlangoni. Soksi ya kushoto ina tundu, na Lorna Pinkham akaliona kabla ya kunisalimu. "Mfumaji mwenye soksi tundu," akasema. Wote wakacheka. Kichekesho kimoja kinawatosha hadi Alhamisi ijayo, kama sufuria ya maharage.

Wanawake saba na nyuzi za plastiki. Thelma Gott anafuma kofia ya mjukuu itakayomtosha ndama. Hakuna anayefumua kosa. Wanasema kosa ndilo linaloonyesha kwamba kitu kimetengenezwa kwa mkono. Basi vitu vyao vinaonyesha sana.

Lakini ninawahitaji. Inachukiza kuiandika sentensi hiyo. Mkutano wa mji ni Jumamosi ya tarehe 23, na mojawapo ya hoja ni mimi: nafasi ya karani msaidizi ifutwe, mji upate gari jipya la kusukuma theluji. Niliichapa mwenyewe hoja hiyo. Hata nikaisahihisha koma. Hawa saba, pamoja na waume wanaoinua mkono wake zao wakiwakanyaga mguu, wanatosha kuniokoa. Wasiponiokoa nitarudi Lewiston, kwenye kochi la mama, kwa mume wake anayewasha televisheni kabla ya kuvaa suruali.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Thelma akaniambia.

Sikuwa nimesema chochote.

Ijumaa, 8 Machi

Merle, mume wa Thelma, msimamizi wa barabara, amekuja ofisini kulipia leseni ya mbwa. Matope ya buti zake, yaliyobaki sakafuni, sasa ni mali ya mji.

"Si chuki, Noella," akasema, akiegemea kaunta yangu. "Ila wewe huwezi kusukuma theluji."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, na moja lilikuwa zuri sana. Nikampa risiti.

Bi Arlene, karani mkuu, bosi wangu, hakuinua macho kutoka kwenye katalogi yake ya mbegu. Merle alipoondoka, Bi Arlene akaniuliza kama nadhani nyanya za njano zina ladha.

Alhamisi, 14 Machi

Shali ya pole imeanza tena. Mtu akipatwa na jambo — msiba, upasuaji, mume kukimbia — kikundi kinamfumia shali. Kila mmoja anafuma sehemu yake, na mwenyewe hatajwi hadi siku anapovishwa. Safari hii ni sufu halisi, rangi ya manyoya ya njiwa. Nimeishika nikasahau nilipo. Sijui nani kawaambia kwamba kuna sufu duniani.

Lorna amenipa ukingo. "Mikono yako haitetemeki," akasema.

Kweli. Inayotetemeka ni sauti.

Nadhani ni ya mjane wa Dunning, yule wa mtaa wa kinu. Thelma alinitupia mabegani apime urefu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Imekaa," akasema. Mjane wa Dunning ni mpana mara mbili yangu. Hata kupima hawajui.

"Siku ya mkutano utasimama useme neno?" Lorna akaniuliza.

"Nitaona."

"Hutasimama," akasema kwa upole mkubwa, kama anayemfunika mtoto blanketi.

Nikakata biskuti yake ya tangawizi vipande vidogo vidogo na sikula hata kimoja. Huo ndio ujasiri wangu wote wa wiki.

Jumapili, 17 Machi

Jua. Theluji imebaki upande wa kivuli tu, chafu, kama shuka la mgonjwa. Jirani ametundika ndoo za utomvu kwenye miti yake, na tone likidondoka nalisikia kutoka kitini kwangu. Nimefuma tangu asubuhi.

Hapa siogopi mtu. Sindano inaingia, uzi unazunguka, kitanzi kinatoka, na kila kitanzi ni kama nilivyotaka kiwe. Hakuna kingine maishani mwangu ninachoweza kusema hivyo. Nilikosea kimoja nikafumua mstari mzima. Halafu nikaangalia kipande cha Thelma, kilichoshikana na ukingo wangu: kitanzi kimemponyoka katikati na hajui. Nikakipandisha kwa ndoano hadi mahali pake. Hatamshukuru mtu, maana hataona. Mjane naye hataona. Nimeona mimi.

Nimejaribu pia kuandika la kusema mkutanoni. "Waheshimiwa majirani." Nikafuta. "Majirani." Nikafuta.

Alhamisi, 21 Machi

Nataka niandike taratibu.

Nilimaliza ukingo, nikafunga vitanzi, Lorna akaishika shali mbele ya dirisha. Wote wakanyamaza, na kwao kunyamaza ni ugonjwa. Nikasema nitaipeleka nyumbani niiloweshe na kuitandaza kwa pini, maana wao wangeianika juu ya mlango. Wakatazamana. "Ni sawa," Thelma akasema. "Ni sawa kabisa." Macho yalikuwa yamemlowa. Nikadhani ni kwa ajili ya mjane.

Nikaenda jikoni kuosha vikombe. Dirisha la kupitishia chakula lilikuwa wazi kidogo.

"Maskini, ukingo kajifumia mwenyewe," ilikuwa sauti ya Lorna. "Tumpe kabla ya kura au baada?"

"Baada," Thelma akasema. "Tukimpa kabla atajua."

"Na lile gari jamani tunalihitaji."

"Tunalihitaji. Merle halali."

Nilisimama na kikombe mkononi. Sikukivunja. Watu wengine wangekivunja. Nilikikausha, nikakirudisha kwenye kulabu yake, mpini ukitazama kushoto kama wapendavyo. Nikatoka, nikasema kwaherini, Lorna akanikumbatia. Alinukia tangawizi.

Hawanichukii. Hilo ndilo baya zaidi. Wamenihurumia mapema, kwa sufu bora kuliko waliyowahi kununuliana wenyewe, ili siku ya kunikata wawe na cha kunifunika. Na mimi niliyewacheka kwa kutojua kupima — Thelma alipima sawasawa. Mjinga alikuwa ndani ya shali.

Imetandazwa kitandani sasa, imebanwa kwa pini. Nitalala kwenye kochi. Kama mazoezi.

Jumamosi, 23 Machi

Ninaandikia kwenye meza ya makarani, chini ya karatasi za kumbukumbu. Ukumbi wote unafuma. Mjini hapa mtu hawezi kupiga kura bila sindano mkononi, ila makarani haturuhusiwi; eti haipendezi. Basi naandika, mikono isinisumbue.

Nimeivaa.

Nilitaka kuiacha nyumbani. Nikatoka, nikafika kwenye ngazi, nikarudi. Nikaivaa juu ya koti, nikaivua, nikaivaa chini ya koti. Hapa ndani nikavua koti.

Lorna alikuwa akieleza mapishi ya makaroni. Akaishia kwenye jibini. Thelma aliniangalia mabegani, halafu ukingo, halafu mahali pale katikati pa kipande chake, na vidole vyake vikaanza kuhesabu vitanzi hewani. Kumbe alijua kwamba kimemponyoka.

"Inakupendeza," Bi Arlene akaninong'oneza. Yeye hajui kitu. Namwonea wivu.

Chakula kimeliwa. Sikula. Mwenyekiti amegonga nyundo, amesoma hoja yangu na koma yangu. Ameuliza kama kuna mwenye la kusema. Merle amesema kuhusu gari, kwa kirefu. Ameuliza tena kama kuna mwingine.

Nimesimama.

Nilisema: "Naitwa Noella Cyr. Hoja hii ni mimi." Sauti ilitetemeka yote. Nikasema: "Basi." Nikakaa. Ndiyo hotuba yenyewe. Miaka yote ya shule, na hiyo ndiyo hotuba.

Lakini sindano zimesimama. Ukumbi mzima. Sijawahi kuusikia ukumbi huu bila sindano.

Mwenyekiti anasema wanaokubali nafasi ifutwe wainue mikono. Upande wa Merle imeinuka, mikono ya waume wote wale. Kwenye safu ya kikundi, Lorna amekalia mikono yake kama mtoto. Merle amemgeukia mkewe. Mkono wa Thelma umepanda, umefika kwenye miwani, umebaki hapo. Wala haurekebishi miwani.

Bi Arlene ananisukuma kiwiko. Upande wa kikundi ni wangu kuhesabu, na sijui mkono ule wa Thelma niuhesabu kuwa kura au miwani.