Neno la Mwisho Ulilonificha

Mwalimu Nirmal,

Kesho jioni tunaucheza mchezo wako, na mimi mwenzio hata kukaa chini siwezi. Leo nimekwenda Xintang kukagua jinzi, nimerudi sikumbuki nilichokagua. Bosi Mchina wa kiwanda kaniuliza mara tatu kama naumwa.

Binti yako alinipa begi lako, nimelipekua lote. Tiketi za maonyesho yako ya Kolkata zimo, na picha yako kwenye sinema ya kwanza, kijana na masharubu ya kubandika! Madaftari ya filamu ulizoongoza yamo pia. Umeandika hata nani alichelewa mazoezini. Neno la mwisho la mchezo wetu hukuliandika popote.

Najua, ndivyo ulivyofanya kazi miaka yote. Mwigizaji humpi neno la mwisho mpaka siku ya onyesho, unamnong'oneza palepale jukwaani, litoke bichi. Nasi wafanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei, uliotuokota kwenye maduka ya simu, ukatufanyia hivyohivyo. Kwenye mchezo, mwana anarudi kutoka ughaibuni, anapiga magoti mbele ya baba yake. Baba anamnong'oneza, mwana anasema kwa sauti. Baba ulikuwa wewe, mwana ni mimi. Sasa nani ataninong'oneza?

Mama Béatrice, yule Mkongo wa vitenge, ananiambia, "Tucheze tu, mon frère, ndugu yangu. Utalipata palepale." Rahisi kwake kusema.

Kinachonila ni ile siku ya mazoezi, nilipoondoka katikati kukimbilia maonyesho ya biashara Pazhou. Nikakufokea mbele ya watu: "Mimi mfanyabiashara, Mwalimu, si mwigizaji!" Ukacheka, ukakipigapiga kile kiti chekundu cha plastiki, kiti cha baba kwenye mchezo. "Nenda. Kiti kinangoja." Siku ya tatu moyo wako ukasimama, na mimi sijarudi kukuomba radhi. Naona haya, Mwalimu.

Jana binti yako kanisomea ukurasa wa mwisho wa daftari, uliouandika siku ileile niliyoondoka, kwa Kibengali: "Salum ametoka. Atarudi."

Basi kiti tutakiweka kitupu. Nitavua viatu kabla ya kupanda jukwaani, kama ulivyotufundisha. Nitapiga magoti, nitatega sikio, na wakitaka kuzomea wazomee. Nisiposikia kitu, nitasema langu.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nakuahidi sitaondoka tena katikati ya mchezo.

Nimerudi, baba.

Salum