Kabati la Sebuleni

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na vumbi la karakana? Mimi mzima. Kazi ya mapokezi hotelini ni kusimama na kutabasamu, miguu ndiyo inayolalamika.

Baba, funguo ninazo! Ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, dirisha kubwa linatazama barabara yenye miti. Kile kiwanja ulichouza kwa ajili yangu hakikupotea. Baba mdogo aliyesema mtoto wa kike na nyumba wapi na wapi, mwambie aje apande ngazi ajionee.

Kila wiki wageni kutoka nje, wale wanaokuja kufanya kazi mwaka au miwili, wananiuliza watapata wapi nyumba yenye samani zote ndani. Hao ndio wapangaji wangu. Zimebaki samani tu, na fundi ninayemtaka ni mmoja.

Mwanao, kifungua mimba

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Kifua kimetulia, labda kwa furaha.

Lori linaondoka kesho. Kuna kochi kubwa na manne madogo, meza ya kulia ya watu wanane, na kabati la kutoka sakafuni hadi darini, milango ya vioo, maua nimeyachonga kwa mkono wangu. Tangu nishike randa sijatengeneza kitu kama hicho. Mgeni ni mtu wa kuheshimiwa, asije akasema alipangishwa nyumba tupu.

Hapa karakanani wamechoka kunisikia. Kila anayekuja kununua hata kigoda namwambia nina nyumba mjini.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Wageni wanakuja kuiona nyumba, wanasifu, kabati wanalipiga picha. Mpangaji bado. Msalimie baba mdogo.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo kweli? Miezi miwili kimya, halafu unaniletea barua ya kuhesabika maneno! Wewe, ambaye hata habari ya paka unaijaza kurasa mbili?

Mtu akisifu chakula halafu asiguse sahani, mpishi ajiulize. Niambie kuna nini. Mimi ni mzee, lakini si yai.

Baba yako

18 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe mapema.

Samani ni nyingi, Baba. Sebuleni tunapita ubavuubavu. Dalali aligonga goti kwenye kochi, akachechemea mpaka barabarani. Kabati halikupata ukuta mwingine, likasimama mbele ya dirisha, na taa tunawasha mchana. Mgeni mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa kama hapa ni dukani. Mwingine alitaka kujua kompyuta yake ataiweka wapi, maana kazi zake anafanyia nyumbani.

Dalali anasema niliuze kabati. Siwezi. Nikiligusa lile ua la katikati naiona mikono yako. Lakini asipopatikana mtu kufikia Septemba, deni la benki litanishinda, itabidi niiuze nyumba yenyewe, na kiwanja chako kitakuwa kimekwenda bure. Sasa umejua yote.

Mwanao

20 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Mgongo je?

Nilingoja jibu la barua, kumbe jibu linapanda ngazi na msumeno ndani ya gunia! Hukunipa hata salamu. Ulisimama katikati ya sebule, ukageuka, ukagonga goti palepale pa dalali, ukasema, "Kumbe." Halafu ukaomba maji. Ulipoanza kulikata lile kabati nililia, nawe ukanifokea, "Kalilie jikoni, vumbi litakuingia machoni!"

Sasa sikia. Jumatatu alikuja mama mmoja, mgeni, mhandisi wa madaraja. Makochi hakuyatazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kazi uliyoitoa kwenye mbao za kabati, pale dirishani. Akavuta kiti, akakaa, akapitisha kiganja juu yake. Dalali alifungua mdomo aanze kusifu maji na umeme, nikamkanyaga mguu. Yule mama hakuinuka mpaka aliposema anahamia. Mkataba ni wa miaka miwili, Baba!

Aliniuliza meza imenunuliwa wapi. Nikamwambia haikununuliwa, fundi wake ni baba yangu. Nilijisikia mrefu kuliko jengo lenyewe.

Mwanao, mwenye nyumba

3 Septemba

Mwanangu mwenye nyumba,

Marahaba. Mgongo unauma kidogo, nami naufurahia.

Nilipoisoma barua yako ya Juni nilikasirika, nisikufiche. Nilisema huyu mtoto na wageni wake hawajui kazi. Nikakaa na hasira yangu mwezi mzima. Halafu nikajiuliza, lile kabati nilimtengenezea mpangaji, au nilijitengenezea mwenyewe nisifiwe? Nikatafuta msumeno. Ua la katikati sikulikata. Pitisha mkono chini ya meza utalikuta, mgeni si lazima alijue.

Jana baba mdogo wako aliniuliza karakanani mbele ya watu, "Ile nyumba yako ya mjini imepata mtu?" Nikamwambia, "Si yangu. Ni ya binti yangu. Mimi nilifanya kazi pale, mwenye nyumba akaniambia haifai, nikairudia." Akasema hajawahi kuona mtu wa kunirudishia kazi. Nikamwambia hata mimi sikuwahi kumwona, mpaka nilipomzaa.

Baba yako, na fundi wako