Kitabu ya Kufungia Mikate

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Kwako yaya Phinées, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia katika jina ya Bwana, wewe na nyumba yako yote. Kasugho kunaendaje? Maharagi imeota? Kile kikohozi kilikuacha? Na shemeji Gracieuse na mimba yake, biko muzuri? Siye huku tunapumua, vumbi inatukula lakini tunapumua. Mama, mwili yake iko muzuri. Ya roho nitakuambia, na usome mpaka mwisho hata kama utakasirika. Najua utakasirika.

Ulituma neno kwamba Mama asikule Meza ya Bwana mpaka aende ku chumba ya maombi ya mama Florentine, nabii, ili ajue ni zambi gani ya nyumba yetu ilileta kifo ya Tata, baba yetu, mwenye batu ba mapanga balimuua kule shamba ya kakao, ku Mutwanga. Mama alikutii. Tangu pale, sahani ya mukate ikifika kwake, anaipitisha kwa jirani, macho chini. Batu banaona. Banasema.

Sasa sikia. Unajua tunauzishaka mikate na Mama kando ya barabara, na kartasi ya kufungia tunanunua kwa kilo ku soko: ma cahier ya batoto ba masomo, vitabu vya zamani, yote. Siku moja napasua kartasi, napatia Jéthro, ule motard wa pikipiki ya njia ya Kasugho, mikate yake, naona maneno kwa kifaransa: mutu balimufunga juu alibatiza batoto yake. Nikamunyanganya kartasi na mafuta yake yote. Akasema kumbe leo mikate inauzishwa pamoja na mahubiri. Basi ile kitabu haina mwanzo, mwanzo tulishaiuzisha. Hata jina yake sijue.

Yaya, niliisoma kama mwenye wazimu. Kifaransa yangu nilijifundisha mwenyewe, neno yenye sielewe naruka kama shimo ya barabara, alafu narudia. Ni habari ya bakristo ba inchi mingi benye baliteswa. Kuko muzee balimusimamisha bila viatu mu neige, ile nyeupe tulikuwa tunaona juu ya Rwenzori. Kuko mama balichoma nyumba yake, akaimba juu ya majivu, na kitabu inasema wazi sauti yake ilikuwa mbaya. Nikatafuta ukurasa kwa ukurasa wapi banabauliza ni zambi gani balifanya. Hakuna. Baliteswa juu kulikuwa batesaji. Basi. Nikasomea Mama kwa kiswahili akikanda unga. Motards bakazoea kusimama kusikiliza. Jéthro akifika anauliza: Keren, leo munatesa nani?

Juma yenye ilipita mama Florentine akaita Mama mbele ya batu bote, akasema Roho inamuonyesha kitu yenye imefichwa. Mama akapiga magoti. Akafungua kinywa. Na miye nikasimama, na nguo yangu ya mafuta ya mikate, nikasema Mama, inuka. Nikauliza nabii: bale bote balichinjwa ku Beni na ku Mutwanga, kila nyumba ilikuwa na zambi, na benye mapanga njo balikuwa safi? Akasema niko na pepo ya kiburi. Nikamujibu sawa, pepo hii inarudisha mama yake ku nyumba. Tukatoka.

Kwa njia nikauliza Mama alitaka kuungama nini. Akasema angedanganya kwamba aliendaka kwa muganga. Juu ya nini, Mama? Akalia, akanikataza kukuambia. Nakuambia.

Ulikuwa unasukuma Tata juu ya mbuzi za mahari ya Gracieuse. Bakwe, bazazi ba Gracieuse, balishapanga siku, ukasema utapata haya. Ile asubui ya kifo yake, basoda ba jeshi balikataza batu kwenda ku mashamba. Tata akaenda kuvuna kakao, apate ile mbuzi. Mama peke yake alijua. Alikubali kujipakaa uchawi mbele ya batu, kuliko nabii afike ku jina yako.

Njo kitu yenye ilifichwa. Yaya, siandike juu ya kukuchoma. Wewe njo ulitaka zambi ya nyumba yetu, nimekuletea yote yenye iko, na angalia: ni baba mwenye alienda kutafutia mutoto wake mbuzi. Nakataa baite hii zambi. Aseme nabii, useme wewe, nakataa. Tata aliuawa na benye balimuua.

Siku ya Mungu yenye inakuja ni Meza ya Bwana, na Mama atakula. Pasta Timothée alisema hakuna mutu wa kanisa alimukatazaka, ni wewe tu. Jéthro mwenye anakupatia hii barua atakungoja; panda pikipiki yake, mukuje. Ku benchi yetu ya kanisa kuko nafasi pembeni ya Mama. Atakula yeye kwanza, alafu akupatie sahani na mukono yake.

Salimia sana shemeji, na usimufiche hii barua, yeye pia hana kosa. Wasingya kutsibu, aksanti sana, kwa maharagi yenye ulituma. Mungu akulinde ku njia.

Ni miye mudogo wako mwenye kichwa nguvu,
Keren