Ubeti wa Nne

Sorcha, pokea simu!! Nimejifungia chooni nyuma ya ukumbi wa parokia.

Tumepiga ule wimbo wa kale wa msichana aliyetupwa kisimani, ulioipa bendi yetu jina dunia nzima. Ubeti wa kwanza ukumbi wote unaimba nasi. Wa pili, wa tatu, wanaimba. Nikaingia wa nne, ule unaomtaja muuaji, Condy Breslin.

Kimya. Watu mia tatu, kimya! Wengine wameinamisha vichwa.

Kumbe hapa kwenu huo ubeti hauimbwi. Wanauruka! Miaka tisini wanauruka, maana wajukuu wa Condy bado wapo, wanakaa nao benchi moja kanisani. Mbona hukuniambia?

Basi jitu moja limejaa mlango mzima likanifuata nyuma ya jukwaa. "Mimi ni Mánus Breslin. Binti yangu alikuwa pale mbele. Alikuwa hajui. Nani kakupa huo ubeti?"

Nikasema sijui, ni wimbo wa zamani tu.

Akasogea. "Nimekuuliza, nani?"

Sorcha, niliogopa. Niliogopa mno. Nikamwambia ni ile kanda ya bibi yako akiimba. Nikamtaja kwa jina.

Hakunigusa. Alinitazama tu. "Nuala? Nuala ninayepeana naye amani kanisani kila Jumapili?"

Akavaa kofia yake taratibu, akatoka. Nimechungulia dirishani, gari lake limekata kona ya kwenu.

Sorcha, bibi yuko na nani nyumbani?